Baharini Hakuna Ng'ambo

"Moanda, Moanda, hapa ni Boyoma! Unanisikia? À vous!"

Tonton Émile aliita mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kwani kwenye phonie, ile simu ya redio, asiyesema à vous, yaani zamu yako, hajibiwi. Mashine ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha sauti ya mwanamke ikatoka safi kabisa, utadhani amesimama nyuma ya mlango.

"Boyoma, nayoki yo malamu. Loba. À vous."

Nakusikia vizuri, sema. Tonton Émile akanipa kipaza sauti. Mimi nilikuwa nimejipamba, nimefunga kitenge kipya na wanja nimepaka, kana kwamba mtu anaweza kuonekana hewani. Mapenzi yanamfanya mtu mjinga, na mimi sikuwa na haja ya kulificha hilo.

"Minaomba kuongea na Sefu. Sefu ya Kisangani, ule soudeur. À vous."

"Sefu alali. Benga lobi. À vous."

Amelala, piga kesho. Jua la saa sita lilikuwa linachoma mabati juu ya vichwa vyetu. Mwanamume gani analala saa sita?

"Amelala wapi? À vous."

"Awa, na ndako na ngai. Alembi makasi. À vous."

Hapa, nyumbani kwangu, amechoka sana. Lingala inajulikana na Kisangani nzima, kwa hiyo hakuna aliyehitaji mkalimani. Phonie si kitu cha siri. Unakaa kwenye benchi na watu wengine, sauti inatoka kwenye spika, na mambo yako yanakuwa mambo ya benchi lote. Mama mmoja mwenye beseni la samaki akanigeukia na macho ya utani.

"Eee, mama! Amechoka na nini?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mtu mmoja tu hakucheka, Jafari, fundi wa karakana ya useremala ya baba yangu, aliyekuwa kwenye foleni akingoja kuongea na kaka yake wa Kindu. Yeye alitazama miguu yake.

"Terminé," nikasema, nikaweka kipaza sauti mezani, nikatoka bila kuaga.

Mimi ni Sikujua binti Abdulhamid, mzaliwa wa hapa hapa Kisangani, ambayo sisi tunaiita Boyoma. Sefu alinichumbia kabla ya vita. Aliondoka na barge ya mizigo iliyokuwa inashuka Kinshasa, akiwa mwanafunzi wa kuchomelea vyuma, arudi nayo ikipanda. Wakiwa huko chini vita vikawaka, mto ukafungwa, nchi ikagawanyika vipande. Sisi huku tukawa chini ya waasi, yeye kule upande wa serikali. Hakuna boti wala barua. Ilibaki phonie. Kwa phonie nilijua kwamba anatengeneza mabarge Kinshasa, kisha kwamba amekwenda Moanda, kule mto wetu unapomwagika baharini, kutafuta kazi kwenye visima vya petroli vilivyo katikati ya maji.

"Sikujua, wakinichukua kwa ile kazi, maisha yetu itanyooka," aliniambia mara ya mwisho. "Banachukua basoudeur. Kubaki paka examen, ule mtihani tu. À vous."

Baada ya hapo, kimya. Wiki baada ya wiki nilikwenda kwa Tonton Émile kuuliza kama ameniita, kimya. Ndipo nikaenda kumwita mwenyewe, nikaambulia kuambiwa amelala.

*

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Sijui miguu gani inabeba habari za Kisangani, lakini haichoki. Baba alikuwa karakanani, penseli nyuma ya sikio, mlango wa mtu umelala mbele yake nusu umepigwa randa.

"Sikujua, kuya hapa. Ni nini minasikia?"

"Hakuna kitu, papa."

"Hakuna kitu? Mama Zuberi amepita hapa ananipa pole. Pole ya nini? Nani amekufa?"

"Papa, tafadhali."

"Mwanamuke amejibu mbele ya batu bote kama Sefu iko analala kwake. Njo vile ama hapana?"

"Njo vile, papa."

Akaketi juu ya ule mlango. Baba yangu si mtu wa kelele, na ukimya wake unauma kuliko kelele za baba wa wengine.

"Mi sina ubaya na Sefu. Mutoto ya Ramazani, nimemujua tangu anatambaa. Lakini vita iko inakula miaka yako, na batu sasa banacheka jina yako mu phonie. Bon. Sikiliza. Jafari ameniletea wazee ya posa."

"Jafari? Jafari huyu wetu?"

"Huyu. Amewaleta wiki iliyopita, nikanyamaza juu uko na neno ya Sefu. Sasa Ijumaa, tukitoka kusali, tunaenda kwa Émile. Mi, Maalim, wazee, na weye. Minataka kusikia sauti ya Sefu, ye mwenyewe, aseme kama anakutaka. Akisema, ninangoja naye mpaka mto ifunguke. Asiposema, ninajibu wazee ya Jafari: eyo, ndiyo. Ni haki ama si haki?"

Nilitaka kusema si haki. Nilitafuta kosa katika maneno yake na sikulipata.

"Ni haki, papa."

Jioni ile, baba alipoingia ndani, nilimkuta Jafari anafagia vumbi la mbao. Nilikuwa nimejaa hasira, na hasira ikipata mtu wa karibu haiulizi kama ndiye mwenye kosa.

"Unafurahi sasa?"

"Hapana."

"Rafiki yako amepotea, weye unakuya kuchukua nafasi yake. Ni urafiki gani huo?"

Akaegemeza ufagio ukutani. Jafari ni mtu wa maneno machache na meno meupe. Siku zile mabomu yalipokuwa yanaanguka Kisangani, mama yake Sefu alipofariki, ni yeye aliyemchimbia kaburi na kusimama mahali pa mtoto. Hilo nililijua, na ndiyo maana kumchukia kulikuwa kazi ngumu.

"Sikujua, mi si mutu ya kupita nyuma ya nyumba. Nimekupenda zamani. Sefu alinitangulia, nikanyamaza. Angebaki na weye, ningenyamaza mpaka kufa. Lakini kila wiki ninakuona unarudi kwa Émile na uso imeanguka. Donc nikawaambia wazee baende. Nikawaambia pia: kama Sefu anaongea, hakuna kitu niliomba."

"Na mwanamuke ya Moanda? Unamwamini?"

"Mi sijui. Nimesikia kama vile umesikia."

"Kwa nini haukucheka na wengine?"

"Ningecheka nini?" akasema, akachukua ufagio wake.

Nilikwenda kulala nikimlaani Sefu kwa Kiswahili, Lingala na kile Kifaransa kidogo nilicho nacho. Na bado nilimpenda, ndiyo sehemu iliyoniudhi zaidi.

*

Ijumaa, chumba cha Tonton Émile kilijaa kofia nyeupe. Baba, Maalim Alfani na fimbo yake, wazee wawili wa jirani, mzee mmoja wa posa ya Jafari, na Jafari mwenyewe aliyesimama mlangoni, kwa sababu wazee wake walitaka awepo. Tonton Émile, Mkristo wa Yanonge aliyekuwa mtu wa redio kwenye mameli ya mto zamani za meli kubwa, aliwapangusia benchi kwa kitambaa.

"Karibuni, bapapa. Sharti ya hapa munaijua. Mapendo, kilio, biashara, sawa. Politique, hapana. Mutu akitaja askari ninazima."

"Leo ni mapendo," Maalim akasema. "Ita."

"Moanda, Moanda, hapa ni Boyoma! À vous!"

Sauti ile ile ikatoka.

"Boyoma, nayoki yo. À vous."

Sikungoja. Nilimnyang'anya Tonton Émile kipaza sauti mbele ya wazee wote.

"Minamutaka Sefu. Na usiniambie analala. À vous."

"Sefu azali te. Akei na kati ya mai. À vous."

Hayupo, amekwenda katikati ya maji. Baba akafumba macho. Mzee wa Jafari akakohoa, kikohozi cha mtu aliyeridhika.

"Alors weye ni nani?" nikauliza, na sauti ikapanda yenyewe. "Weye ni nani yake? Niko mchumba yake, unasikia? Papa yangu iko hapa, Maalim iko hapa. Sema mbele yao kama unaweza! À vous!"

Mashine ikakoroma. Kisha yule mwanamke akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha kifua, na alipoongea tena alikuwa ameacha Lingala.

"Njo weye Sikujua? Ayayay! Mutoto yangu, juu ya nini haukusema jina yako siku ile? Minaitwa Hélène. Nilizaliwa Isangi, mu maji ya mto kama nyinyi. Niko na bajukuu, mutoto yangu, na meno mingine haiko tena. Sefu anapanga chumba ya nyuma, hapa phonie iko. À vous."

Benchi lote likapumua. Mimi bado.

"Na mchana ile, alikuwa analala kwa sababu gani? À vous."

"Sababu ya bahari! Sikiliza. Mutu hapandi ku plateforme ya pétrole kama hajui kujiokoa. Donc banawatupa mu bahari na magilet ya kuelea, bote pamoja. Chef anasema, mushikane mikono, mutulie, mungoje bateau. Bote banashikana. Sefu yetu? Anaacha benzake, anaogelea, anakata maji kwa kando kama tunavyokata kwetu, mpaka ku muchanga. Anasimama kule, anainua mikono juu. Anafikiri amekuwa wa kwanza! À vous."

Tonton Émile akapiga goti lake kwa kiganja.

"Njo vile! Mutu ya mto akianguka mu maji, anatafuta ng'ambo! Ningefanya paka vile!"

Hata Maalim aliinamisha kichwa. Wote pale tulijua. Mtoto wa Kisangani anafundishwa kabla ya kufundishwa kusali: ukianguka usipigane na mkondo, kata kwa kando, tafuta ukingo. Nani angemwambia kuna maji ambayo hayana ukingo?

"Chef alimwambia nini?" baba akauliza, akiinama kwenye kipaza sauti. "À vous."

"Alimwambia, weye umekufa. Kule plateforme iko, hakuna ng'ambo. Mutu anayeacha benzake, helikopta inatafuta benzake, ye haionekani. Akamuangusha mu examen mbele ya bote. Papa, mutoto alirudi hapa hawezi ata kula. Bahati, chef alimupa nafasi ingine. Basi kila siku kukipambazuka anaingia mu bahari na gilet, anajifunza kutulia. Paka kutulia! Anarudi baridi imemukamata, analala kama gogo. Na aliniapisha. Boyoma wakiita, mama Hélène, usiseme nimeanguka mu maji, mimi mutoto ya Kisangani. Njo maana nilifunga kinywa. À vous."

Haya. Kumbe ilikuwa haya tu. Mwanamume aliona heri nimdhanie yuko na mwanamke mwingine kuliko nijue kwamba maji yamemshinda. Nilitaka kumkumbatia na kumchapa kofi, na sikujua nianze na lipi.

"Sasa iko wapi? À vous."

"Amefaulu! Leo asubuhi helikopta imemubeba. Kazi yake ya kwanza, mutoto yangu. Aliondoka anatetemeka, anacheka. À vous."

Mzee wa Jafari akasimama, akashika joho lake.

"Abdulhamid, ni habari nzuri, lakini ulisema sauti yake. Hii ni sauti ya mama ya Moanda."

Nilimwona baba anapigana na neno lake mwenyewe, na nilimjua baba yangu: neno lake lingeshinda.

"Njo vile nilisema," akasema polepole. "Sauti yake."

"Papa!"

"Nilisema, Sikujua."

Nikabana kipaza sauti kwa nguvu zangu zote.

"Mama Hélène, minakuomba. Wazee banangoja hapa, na kama Sefu haongei leo, papa ananitoa kwa mutu mwingine. Ule mutu ni muzuri, hapana mubaya, lakini si Sefu. Minamutaka Sefu! À vous!"

Nilisema mbele ya Jafari. Sikugeuka kumtazama.

"Ngoja," akasema mama Hélène, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Plateforme nayo iko na phonie. Banaongea na pwani wakati ya chakula. Émile, ubaki hapo hapo, usiguse kitu. Ninabaita. À vous."

"Sigusi ata nzi," akasema Tonton Émile.

Tukangoja. Foleni ya nje ilikuwa imesikia yote, na watu walijaa dirishani. Yule mama wa samaki alikuwepo pia, beseni kichwani, na safari hii hakuwa na utani. Jafari alikuwa bado mlangoni.

"Unaweza kwenda, Jafari," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Hakuna mutu atakulaumu."

"Ninangoja. Minataka kusikia na masikio yangu."

Mashine ikapiga mluzi mrefu. Halafu ukaja upepo, na vyuma vinagongana, na katikati ya vyote hivyo sauti niliyokuwa naijua kuliko yangu.

"Boyoma, Boyoma, hapa ni Sefu! Niko ku plateforme! Nani ananiita? À vous!"

Baba akachukua kipaza sauti kabla sijalia mbele ya wazee.

"Sefu, ni papa Abdulhamid. À vous."

"Papa! Salam aleikum, papa! Kuko msiba? À vous!"

"Aleikum salam. Hakuna msiba. Kuko swali. Unamutaka mutoto yangu ama humutaki? Sema mbele ya Maalim na wazee. À vous."

"Minamutaka, papa! Kila siku minamutaka! Papa, nisamehe, nilinyamaza juu niliona haya. Leo niko na kazi. Chef amenipa ruhusa mpaka bamalize kula. Papa, kama Maalim iko, mutuoze. Leo. Sasa. À vous!"

Dirishani wakapiga kelele. Maalim Alfani akainua fimbo, wakanyamaza.

"Ndoa si mchezo," akasema. "Walii anatoa, bwana harusi anapokea pale pale, hakuna neno lingine katikati. Hapa mu phonie, Abdulhamid akisema ninakuoza, lazima aseme à vous. Ule anasema bien reçu, nimekusikia. Upepo inakata, anasema rudia. Hapana. Mi siwezi kuoza watu na à vous katikati."

"Basi haiwezekani, Maalim?" nikauliza, machozi yakinilenga.

"Nimesema haiwezekani? Mutu aliye mbali anaweka wakili. Sefu amutaje mwanamume mumoja aliye hapa, mbele ya mashahidi. Ule anapokea kwa jina yake. Lakini si upande wa bibi harusi. Na ule wakili lazima amutaje Sefu. Jina lake lisipotajwa, hakuna ndoa."

Tukatazamana. Wazee wa jirani walikuwa upande wa baba na ndio mashahidi. Mzee wa Jafari alikuwa amekuja kuniposea mtu mwingine. Tonton Émile ni Mkristo. Ndugu zake Sefu walikuwa wametawanywa na vita. Macho ya wote, moja moja, yakaenda mlangoni.

Baba akarudisha kipaza sauti kinywani, na hapa ndipo nilipomwonea fahari.

"Sefu, Maalim anataka uweke wakili. Aliye hapa ni Jafari. Kabla ya kuchagua, ujue: Jafari ameniomba Sikujua. Ameomba wazi, bila kuiba. Sitaki ufichwe. À vous."

Upepo wa bahari ukavuma ndani ya chumba chetu.

"Nimesikia, papa," Sefu akasema hatimaye, na sauti ilikuwa imeshuka. "Jafari, unanisikia? Ulimuzika mama yangu, mi niko mbali. Haukunidai ata asante. Angekuwa mutu mwingine amemuomba Sikujua, ningelia. Weye, ninaelewa. Minakuweka wakili yangu. Kama unakataa, sina kisirani na weye. À vous."

Jafari alikuja kutoka mlangoni taratibu, akaketi mbele ya baba. Hakugusa mashine.

"Sikujua," Maalim akasema, "na weye mwenyewe? Hatuozi mutu kwa nguvu."

"Nina swali kwanza."

"Sasa hivi?" baba akashtuka.

"Sasa hivi." Nikachukua kipaza sauti. "Sefu, ni mi. Umenifanya nichekwe na wauza samaki. Kesho ukianguka tena mu mambo yako, utanificha tena? À vous."

"Hapana! Wallahi hapana! Nikianguka, nitasema ata mbele ya mama wa samaki! À vous!"

Mama wa samaki akaitikia dirishani, "Minasikia!"

"Mahari yangu ni mashini ya kushona. À vous."

"Nitaibeba mukononi mpaka kwako! À vous!"

"Basi nimekubali, Maalim."

Baba akautoa mkono wake wa kulia. Jafari akaushika. Tonton Émile akabana kile kitufe, akakishikilia, ili kule katikati ya maji wasikie kila neno. Mkono wa baba ulikuwa na vumbi la mbao kwenye kucha, na wa Jafari vile vile.

"Jafari," baba akasema, "ninamuoza Sefu bin Ramazani, aliyekuweka wakili, mutoto yangu Sikujua, kwa mahari ya mashini ya kushona."

Jafari akafungua kinywa. Akakifunga tena.

Angeweza kuinuka. Angeweza kusema neno nusu, na ndoa ingeanguka pale pale, na hakuna ambaye angemlaumu sana. Mzee wake alikuwa anamtazama. Maalim alikuwa ameshikilia fimbo kwa mikono miwili. Mimi nilitazama mikono ile miwili iliyoshikana na nikamwomba Mungu kwa maneno ambayo sitayarudia.

"Nimepokea," Jafari akasema, kwa sauti ya wazi, sauti iliyofika mpaka barabarani, "ndoa ya Sikujua binti Abdulhamid, kwa ajili ya Sefu bin Ramazani, aliyeniweka wakili, kwa mahari iliyotajwa. Nimempokelea Sefu."

"Mashahidi?"

"Tumesikia," wazee wakajibu.

Tonton Émile akaachia kitufe. Kwanza ulikuja mshindo wa vyuma, watu wa plateforme wanapiga sahani na vijiko. Kisha sauti ambazo hatukuziita zikaanza kuingia moja juu ya nyingine, watu waliokuwa kwenye masafa yale yale tangu mwanzo wakingoja zamu yao.

"Hapa ni Kindu! Félicitations, Boyoma! À vous!"

"Opala! Opala tunapiga vigelegele! À vous!"

"Hapa ni Mbandaka. Nazalaki koyoka. Nalelaki. À vous."

Alikuwa anasikiliza, akalia. Mbandaka ilikuwa upande wa serikali, Kindu upande wa waasi, na wote walikuwa harusini kwangu. Mama Hélène alikuwa analia waziwazi hewani na hakuna aliyeweza kumwambia anyamaze kwa sababu alikuwa hasemi à vous.

"Sikujua!" Sefu akapenya katikati yao. "Banamaliza kula, ninarudi ku kazi! Mto ikifunguka, bateau ya kwanza iko na mi ndani! À vous!"

Nilikuwa na maneno yangu matamu ya siku nyingi. Yote yalikimbia.

"Fanya kazi vizuri, bwana yangu," nikasema. "Na ushikane mikono na benzako. À vous."

Alinisikia, kwa sababu alicheka, na upepo ukamchukua.

Nje, wanawake walinivamia. Mtu akanitupia kitenge kichwani, mwingine akanimwagia unga, na mama wa samaki akacheza na beseni lake mpaka samaki wawili wakaanguka vumbini. Baba alikuwa ukutani anajipangusa macho kwa kofia yake. Nilimtafuta Jafari. Nilimkuta barabarani, amesimamisha toleka, ile baiskeli ya abiria, anabishana na mwenyewe.

"Funga kitambaa ku kiti, bwana, hii ni bibi harusi! Hapana kumubeba kama gunia ya muhogo!"

"Jafari," nikasema, nikamkaribia.

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na meno yake yalikuwa meupe vile vile.

"Panda, shemeji," akasema. "Mama yako anangoja ku nyumba, na hajui kitu."

Alilisema neno lile la shemeji mbele ya watu wote, bila kusitasita, akashika usukani wa baiskeli isiyumbe ili niweze kukaa.